Familia yataka friji ifungwe kufuli usiku: je, saini ya binti yatosha?

Mlezi wa Kent anauliza:

Ndugu zangu, salamu kwenu nyote. Ninaendesha nyumba ya matunzo ya watu wazima mjini Kent, katika jimbo la Washington, kwa leseni ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa herufi tatu tu, AFH. Hadi sasa wakazi wangu watatu wamekuwa wakijilipia wenyewe. Nimesaini mkataba wa Medicaid, ule mpango wa serikali unaowalipia matibabu na matunzo watu wa kipato kidogo, hivi karibuni na ninatarajia kumpokea mzee wa miaka 71 ambaye bado amelazwa hospitalini, na hapo ndipo maswali yalipoanza.

Mzee huyu ana kisukari na huchomwa insulini asubuhi na jioni. Kumbukumbu yake imeanza kufifia, lakini anajua yuko wapi, anawatambua watu wake, na atakueleza bila kusita anachokipenda na asichokipenda. Binti yake mkubwa, ambaye ana hati ya uwakala wa mambo ya afya, ameniletea barua yenye masharti manne. La kwanza, friji ifungwe kufuli kuanzia saa tatu usiku, kwa sababu baba yake huamka na kula chochote atakachokikuta. La pili, mlango wa chumba chake usiwe na kitasa cha kufungwa kwa ndani, asije akaanguka tukashindwa kumfikia. La tatu, mpwa wake mmoja asiruhusiwe kumtembelea, kwa kuwa kila akija, pesa za mzee hupungua. La nne, iwekwe kamera chumbani ili binti aweze kumwangalia baba yake kwa simu akiwa kazini.

Kwa jinsi nilivyolelewa, neno la mtoto mkubwa kuhusu mzazi wake mgonjwa halibishaniwi, na ninaona wazi kwamba mama huyu anasukumwa na mapenzi kwa baba yake. Hata hivyo, afisa wa kesi, yaani yule anayesimamia huduma za mzee huyu, alipokuja kuiona nyumba alisimama mbele ya karatasi niliyoibandika jikoni, inayosema kwamba chakula cha mwisho ni saa mbili usiku na wageni ni mwisho saa moja jioni. Aliisoma, akaisoma tena, kisha akaniambia kwa upole kwamba tutahitaji kuizungumzia kabla ya mkazi yeyote wa Medicaid kuingia.

Swali langu ni hili: nikiyaweka masharti hayo manne katika mkataba wa kuingia, binti akatia saini nami nikatia yangu, je, nitakuwa nimetimiza sheria mbele ya mkaguzi? Niongeze kwamba insulini itachomwa na wahudumu wangu, ambao wote wana cheti cha utunzaji, na kwamba taarifa za kila zamu tunaziandika katika kundi la WhatsApp ambamo nimewaweka pia watoto wa wakazi ili wasiwe na wasiwasi.

Mzee wa Everett anajibu:

Binti yangu, umefanya vyema kuuliza kabla mgeni wako hajaingia, kwa sababu mambo haya ni rahisi kuyapanga mapema na ni magumu kuyarekebisha mkaguzi akiwa ameketi mezani na faili mkononi. Jibu ni hapana. Saini ya binti haitoshi, na kwa baadhi ya masharti hayo hata saini ya mzee mwenyewe, ikiwa peke yake, haitoshi.

Nyumba ikishapokea fedha za Medicaid zilizotengwa kwa huduma za nyumbani na katika jamii, inaingia chini ya kanuni ya shirikisho iliyotolewa Januari 2014, ambayo majimbo yalipewa hadi tarehe 17 Machi 2023 kuitekeleza kikamilifu. Kanuni hiyo inadai kwamba mtu anayelipiwa huduma nje ya vituo vya uuguzi aishi kama mtu aliye kwake. Kwa nyumba inayomilikiwa na mtoa huduma, kama yako na yangu, inataja mambo waziwazi: mkazi awe na mkataba unaomlinda dhidi ya kufukuzwa kama unavyomlinda mpangaji mwingine yeyote, awe na faragha chumbani pamoja na mlango anaoweza kuufunga, funguo zikiwa kwa wahudumu wanaostahili tu, achague mwenzake wa chumba ikiwa chumba ni cha watu wawili, apambe chumba chake apendavyo, apange ratiba yake mwenyewe, afikie chakula wakati wowote, apokee wageni awatakao wakati wowote, na nyumba yenyewe iwe inafikika na kutumika na mtu mwenye ulemavu. Hilo la mwisho halipunguzwi kwa sababu yoyote ile. Mengine yanaweza kupunguzwa, lakini kwa njia moja tu, nayo ndiyo ambayo wenye nyumba wengi huiruka.

Njia hiyo ni kwamba kizuizi huwekewa mtu mmoja, kwa haja yake yeye, ndani ya mpango wake wa matunzo, na kila hatua huandikwa. Lazima tathmini itaje haja yenyewe, na haja haiwi «ana kisukari», maana wenye kisukari ni wengi na friji zao ziko wazi. Lazima ionekane ni njia gani za kumsaidia zilijaribiwa kabla ya kufikiria kizuizi, na ni njia gani nyepesi zaidi zilijaribiwa zikashindwa. Kizuizi kielezwe kwa ukamilifu na kilingane na haja, kwa hiyo mtu anayekula hovyo saa nane za usiku hafungiwi chakula kutwa nzima. Kumbukumbu zikusanywe ili ijulikane kama kinafaa au hakifai, na muda uwekwe wa kukipitia upya ili kiondolewe ikiwa hakihitajiki tena. Mkazi akubali baada ya kuelezwa na kuelewa. Na mwisho, mpango uhakikishe kwamba kizuizi chenyewe hakitamdhuru.

Sasa rudi kwenye kufuli la friji uone linavyofeli. Wewe una wakazi wengine watatu. Kufuli likifungwa saa tatu usiku, yule mama wa chumba cha pili ambaye hana kisukari naye amefungiwa maziwa yake, ilhali hakuna tathmini yake inayosema hivyo. Hata kama siku moja mpango wa mzee huyu utaruhusu kizuizi cha chakula, itakubidi uonyeshe jinsi wengine watakavyoendelea kukifikia chakula bila kukuomba ruhusa. Karatasi ya jikoni ina kasoro iyo hiyo. Unaweza kupanga saa za kupakua milo, na kanuni za jimbo zinataka angalau milo mitatu kwa siku kwa saa za kawaida, tena hakuna anayekudai upike ugali saa tisa za usiku. Usichoweza kufanya ni kutangaza kwamba baada ya saa fulani chakula hakuna na wageni hawaruhusiwi.

Kuhusu kitasa, hofu ya binti ina msingi, ila dawa yake ni ufunguo. Weka kufuli ambalo mkazi hulifungua kutoka ndani kwa mkono mmoja bila ufunguo, na mhudumu wa zamu awe na ufunguo wa nje mwilini mwake muda wote, usiwe umetundikwa ofisini. Lijaribu katika mazoezi ya kutoka nje wakati wa moto, ambayo tunayafanya walau kila miezi miwili, na uandike ilichukua muda gani kuufikia mlango na kuufungua.

Wengine huona haya yote kuwa urasimu. Mimi nilianza kuyaelewa nilipojua yalikotoka. Mwaka 1999 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Olmstead, iliyohusu wanawake wawili wa Georgia waliobakizwa hospitalini ingawa madaktari wao walikuwa wamesema wanaweza kuishi katika jamii. Mahakama ilisema kumtenga mtu mwenye ulemavu pasipo sababu ni ubaguzi. Nyumba zetu zinalipwa leo kwa sababu zinahesabiwa kuwa ndiyo hiyo jamii, na tukizifunga kama wodi tunaiondoa sababu ya kulipwa.

Nesi wa Tacoma anajibu:

Shikamoo Mzee wa Everett, na pole kwa majukumu, dada. Nakubaliana na yaliyosemwa juu ya sheria, lakini mimi nina jambo la kitabibu ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kutangulia. Mtu anayechomwa insulini akafungiwa chakula usiku yuko hatarini zaidi kuliko mtu huyohuyo anayekula kupita kiasi. Sukari ikishuka chini ya 70, kwa kipimo kinachotumika huku Marekani, mwili hudai chakula: mtu huamka akitokwa jasho, akitetemeka, amechanganyikiwa, akitafuta kitu cha kutia mdomoni. Kwa mzee ambaye kumbukumbu yake imefifia, dalili hizo huonekana kwa jamaa kama tabia mbaya ya kudokoa. Msaada wake ni gramu 15 za wanga wa haraka, yaani karibu nusu kikombe cha juisi, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Juisi hiyo iko wapi? Iko ndani ya friji ambayo binti anataka ifungwe, na ufunguo uko kwa mhudumu aliyelala.

Kwa hiyo kabla ya kuzungumzia kufuli, mtu ajue kwanza kwa nini mzee anaamka. Huenda dozi ya jioni ni kubwa mno. Huenda anakula chakula cha jioni mapema na kidogo. Huenda ni mkojo unaomwamsha, akapita jikoni akirudi. Kila sababu ina tiba yake, na tiba nyingine ni simu moja tu kwa daktari ya kurekebisha dozi. Hizo ndizo «njia zilizojaribiwa kabla» ambazo Mzee amezitaja, na zikiandikwa vizuri mara nyingi hazibakishi haja ya kizuizi.

Andaa fomu ya usiku yenye safu chache: saa, kilichomwamsha, kipimo cha sukari, alichokula, alichofanya mhudumu, hali yake baada ya nusu saa. Ingizo linalofaa lingesomeka hivi: «Saa 8:40 usiku. Ameamka kwenda chooni, ameomba mkate. Sukari 96. Amepewa yai la kuchemsha na kipande kimoja cha mkate, ameketi na mhudumu mezani, amerudi kulala saa 9:05.» Ingizo lisilofaa ni lile ninalokutana nalo kila mara: «Alisumbua usiku.» Hilo halimwambii daktari lolote, na mkaguzi akilisoma atauliza mlimfanya nini alipowasumbua. Na ndani ya friji tenga droo yenye jina lake, yenye vitu anavyovipenda na ambavyo havimpandishi sukari kwa kasi. Mzee akiikuta droo yake imejaa, hana sababu ya kufika kwenye keki ya mwenzake.

Kitu kimoja ndani ya friji hiyo kinapaswa kufungwa, nacho ni insulini. Dawa zote za wakazi hukaa mahali pa kufungwa, katika vifungashio vyake vya asili vyenye lebo inayosomeka, na insulini ambayo haijafunguliwa inahitaji ubaridi. Nunua kisanduku kidogo chenye kufuli, kikae rafu ya juu, na chakula kibaki huru.

Sasa kuhusu wahudumu kuchoma insulini. Cheti cha utunzaji pekee hakiwapi ruhusa hiyo. Katika jimbo hili kazi hiyo hukasimiwa na muuguzi aliyesajiliwa, yaani yeye ndiye humkabidhi mhudumu aifanye, na sheria iliruhusu sindano za insulini kukasimiwa mwaka 2008. Mhudumu lazima awe amehitimu mafunzo ya msingi ya kukasimiwa na yale ya ziada ya kisukari, hali ya mkazi iwe tulivu na inayotabirika, na mkazi au mwakilishi wake akubali kwa maandishi. Ruhusa ni ya mhudumu yule, kwa mkazi yule, kwa kazi ile. Amina akiwa ameruhusiwa na Petro hajaruhusiwa, Petro hawezi kuchoma sindano kwa sababu tu amemwona Amina akichoma. Kwa insulini, muuguzi anayekasimu hurudi mara kwa mara katika wiki za kwanza kumtazama mhudumu akifanya kazi hiyo, kisha angalau kila siku 90. Mtafute muuguzi huyo kabla ya siku ya kutoka hospitalini. Nimeona mzee akiletwa Ijumaa jioni na kalamu zake za insulini mfukoni, na nyumbani hamna hata mmoja mwenye ruhusa ya kuzishika.

Mkesha wa Lakewood anajibu:

Nimesoma kwa heshima zote, lakini ruhusuni neno la mtu anayefanya zamu za usiku. Sheria hizi zimeandikwa na watu wanaolala usiku. Nyumba nyingi zina mhudumu mmoja baada ya saa nne, tena anaruhusiwa kulala ikiwa mipango ya wakazi haidai mtu anayekesha. Akiwa chooni na mkazi mmoja, mwingine amekwisha kumaliza mkebe mzima wa aiskrimu, na asubuhi kipimo kinasoma 400. Jamaa hawatamlaumu mwandishi wa kanuni. Watakuja kwa mwenye nyumba na mwanasheria wao, na watauliza kwa nini kufuli la dola kumi lilishindikana. Hiyo haki ya kula wakati wowote ni haki ya nani, ya mtu anayejua anachokula au ya ugonjwa uliomshika?

Mzee wa Everett anajibu:

Ndugu Mkesha, usemayo ni kweli kabisa kuhusu zamu, na sikuandika kwamba kufuli haliwezekani kamwe. Kama sababu zote alizozitaja Nesi zimetafutwa, dozi imerekebishwa, droo imewekwa, mhudumu anakesha, na bado kumbukumbu za wiki kadhaa zinaonyesha vipimo vya kutisha, basi timu ya mpango inaweza kukubaliana juu ya kizuizi kwa mzee huyo, chenye tarehe ya kupitiwa upya. Siku hiyo mwanasheria akija, unamwekea faili mezani. Anayekuja kumkuta mwenye nyumba aliyefunga friji kwa barua ya binti atakuwa na kesi nyepesi zaidi, hasa ikiwa mzee alizimia kwa kushuka kwa sukari.

Lakini hoja yako ya mhudumu mmoja anayelala inaelekea mahali pengine. Kanuni za leseni zinatutaka tumpokee mkazi ambaye mahitaji yake tunaweza kuyatimiza, basi. Kama mzee anahitaji mtu macho usiku na nyumba haina, kufuli haliwezi kujaza pengo hilo. Hapo mwenye nyumba aidha anaajiri mtu wa kukesha, au anamwambia afisa wa kesi kwa uungwana kwamba hataweza kumpokea. Wengi wetu tunaogopa kukataa kwa sababu ya chumba kukaa kitupu, nami naielewa hofu hiyo, maana mkopo wa nyumba haungoji.

Mlezi wa Kent, jambo hili lifikishe kwenye tathmini ya CARE, ile anayoifanya afisa wa kesi. Kiwango cha malipo ya siku hutokana na daraja ambalo tathmini inampa mkazi. Mahitaji ya usiku yakitajwa kwa mdomo tu kwenye korido ya hospitali yakaachwa hapo, utalipwa kana kwamba mzee analala fofofo hadi asubuhi.

Mtunza Kumbukumbu wa Federal Way anajibu:

Kazi yangu ni kupitia mafaili na madai ya malipo kwa ajili ya wenye nyumba kadhaa, kwa hiyo nitagusa masharti mawili ambayo hayajajibiwa, kisha suala la WhatsApp ambalo limenishtua.

Mpwa kwanza, kwa sababu hapo ndipo unaweza kuvunja sheria kwa kunyamaza. Binti ameandika kwamba pesa za mzee hupungua kila kijana huyo anapokuja. Sasa wewe una barua mkononi inayoashiria unyonyaji wa kifedha wa mtu mzima aliye katika mazingira hatarishi. Sisi sote tunaofanya kazi katika nyumba hizi, mwenye leseni na mhudumu wa zamu kwa pamoja, sheria ya jimbo imetuwajibisha kutoa taarifa mara moja kwa Idara ya Huduma za Jamii na Afya, yaani DSHS, tunapokuwa na sababu ya kuamini kwamba jambo kama hilo limetokea. Mzungumze na binti leo, umuulize ameona nini hasa, na ikiwa maelezo yake yana uzito, taarifa itolewe bila kungoja mzee aingie kwako. Kumpiga marufuku mpwa mlangoni ni jambo tofauti. Mzee anaweza kusema mwenyewe kwamba hataki kumwona, na hapo unamlinda bila tatizo. Mahakama pia inaweza kutoa amri ya ulinzi. Lakini ikiwa mzee anamtaka mpwa wake na hakuna amri wala kizuizi katika mpango wake, binti hana mamlaka ya kumzuia kwa barua.

Hapo tunafika kwenye hati ya uwakala. Watu wengi wa jamii zetu huichukulia kama urithi wa cheo cha mkuu wa familia. Haiko hivyo. Mzee ambaye bado anaelewa na kueleza atakacho, sauti yake iko juu ya ya wakala wake, na wakala kazi yake ni kusema kile ambacho mzee angekisema kama asingeweza tena kusema. Hata mlezi wa kisheria aliyeteuliwa na mahakama, chini ya sheria ya ulezi iliyoanza kutumika jimboni Januari 2022, hupewa mamlaka yenye mipaka, na mahakama inatakiwa kuangalia kwanza njia zinazombana mtu kidogo zaidi. Kwa hiyo soma hati yenyewe ukurasa kwa ukurasa, weka nakala katika faili, na mwalike mzee katika kikao cha mpango wake. Utashangaa ni vikao vingapi hufanyika sebuleni huku mwenye mpango akiwa amewekwa chumbani mbele ya televisheni.

Kamera ya chumbani haiwi kwa ombi la binti. Nyumba yenyewe inaweza kuweka kamera za picha sehemu chache kama milango ya kuingilia na kutokea, bila kunasa sauti. Chumbani ni mkazi mwenyewe anayeomba, kwa maandishi, mwenzake wa chumba akikubali kama yupo, na ombi hilo hupitiwa upya pamoja naye kila baada ya miezi mitatu. Mzee akikataa, mazungumzo yameisha.

Na kundi la WhatsApp, dada yangu, lifunge kwa ajili ya taarifa za wakazi leo hii. Umeweka watoto wa wakazi watatu mahali pamoja, maana yake mtoto wa bibi mmoja anasoma kwamba bibi mwingine alijikojolea au amekataa dawa zake. Hilo ni kutoa habari za afya za mtu kwa mtu asiyehusika, na mtoa huduma anayewasilisha madai yake kwa njia ya elektroniki anabanwa na HIPAA, sheria ya shirikisho ya faragha ya habari za afya, kama ilivyo kwa hospitali. Ujumbe huo umo katika simu binafsi za wahudumu, akiwamo yule aliyeacha kazi mwaka jana, na huna mkataba wowote na mwenye programu unaomlazimu kulinda habari hizo. Zaidi ya hayo, haifai hata kama ushahidi: mkaguzi akitaka kuona usiku wa tarehe fulani, utamwonyesha simu yenye picha za harusi katikati? Rudisha taarifa za zamu kwenye daftari au programu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, kila mkazi na faili lake, saini na saa. Kwa jamaa, mpigie simu yule ambaye mkazi amekubali apewe habari, umpe habari za mzazi wake tu. Yaliyokwisha kusomwa na wasiohusika yazungumze na mwanasheria, kwa sababu uvujaji wa habari za afya una wajibu wa kuwaarifu wahusika ndani ya siku 60 tangu ugundulike.

Mlezi wa Kent anajibu:

Asanteni sana, nanyi wakubwa zangu shikamooni. Kundi nimelifunga. Nimezungumza na binti kwa karibu saa nzima. Nilipomweleza juu ya sukari kushuka usiku alikaa kimya, kisha akasema kwamba kweli baba yake huamka akiwa amelowa jasho, na hakuna aliyewahi kumuuliza jambo hilo. Ya kamera ameyakubali kwa shingo upande. Ya mpwa amenipa maelezo yenye tarehe na viwango vya fedha vilivyotolewa benki, na nimetoa taarifa kama nilivyoelekezwa.

Nimebaki na maswali mawili. Kwanza, wakazi wangu wanaojilipia hawako chini ya kanuni ya 2014, je, karatasi ya jikoni inaweza kubaki kwa ajili yao? Pili, mpango wa matunzo unatakiwa ukamilike lini, ikiwa mzee ataingia kabla sijapata kumbukumbu za usiku za kutosha?

Mzee wa Everett anajibu:

La kwanza ni jepesi. Sura ya 70.129 ya sheria za jimbo inazungumzia haki za wakazi wa nyumba zetu wote, wawe wanalipiwa au wanajilipia, na wageni wamo ndani yake. Kanuni za leseni nazo hazimuulizi mkazi nani anamlipia. Ukiwa na nyumba moja yenye sheria mbili za jikoni, mhudumu mpya atazichanganya katika wiki yake ya kwanza.

Nesi wa Tacoma anajibu:

La pili: tathmini na mpango wa awali huwapo kabla hajaingia, na mpango kamili wa matunzo mliokubaliana hukamilishwa ndani ya siku 30 tangu aingie, kisha hupitiwa upya angalau kila miezi 12 au hali yake inapobadilika. Kwa hiyo unazo wiki kadhaa za kujaza ile fomu ya usiku kabla ya kikao. Usianze na ukurasa mtupu, hata hivyo. Mwombe mzee akubali, kisha iombe wodi vipimo vyake vya sukari vya usiku kwa siku zote alizolazwa pamoja na saa alizopewa insulini. Mpe daktari wake nakala, umwambie pia habari ya jasho, na umwombe maagizo ya maandishi kabla mzee hajatoka: sukari ikiwa chini ya kiwango gani mhudumu atoe juisi, ikiwa juu ya kiwango gani apige simu, na ampigie nani saa hizo.